Nilituma mchango na kutazama mazishi kwa simu: je, nilihudhuria?

SWALI

Mwalimu, natumai u mzima. Mimi ni kijana wa miaka 29, nafanya kazi kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Nakuru, lakini kwetu ni Bunyore, karibu na Luanda. Baba mdogo wangu, aliyezaliwa tumbo moja na baba, alifariki mwezi uliopita. Alikuwa fundi wa baiskeli, na ndiye aliyenifundisha kuziba pancha nikiwa darasa la nne. Mwajiri alinipa ruhusa ya siku moja, ambayo haitoshi kwenda na kurudi. Nikatuma 3,000 kwa mweka hazina wa kundi letu la WhatsApp, nikaandikwa kwenye orodha, na Jumamosi nikatazama mazishi yote laivu kwenye Facebook nikiwa stoo nyuma ya duka. Nililia kama waliokuwa pale. Sasa mama anajibu simu zangu kwa mkato, na binamu zangu wamenibandika jina la "mtoto wa bando". Wasifu wa marehemu wenyewe uliandikwa na programu ya akili mnemba na hakuna aliyelalamika, basi mbona mimi nilaumiwe? Je, nimekosea, au wao hawajaelewa kwamba dunia imebadilika?

La pili: simu ya marehemu mkewe ameifungia sandukuni ikiwa imezimwa. Ina pesa kidogo za M-Pesa, labda na deni. Tuifanye nini? Mtoto wao wa mwisho, aliye kidato cha pili, anasema anajua namba ya siri.

JIBU

Mwanangu, pole sana kwa msiba. Pole pia kwa hilo jina la "mtoto wa bando", ambalo najua linauma, ingawa tukiwa wakweli aliyelibuni ana kipaji.

Nitakujibu mapema ili usiendelee kusoma roho ikiwa juu. Hukuhudhuria mazishi. Kubaki Nakuru nako hakukuwa kosa. Hayo ni mambo mawili, na nadhani wewe, mama na binamu zako mmeyafunga fundo moja, ndiyo maana hakuna anayeweza kulifungua.

Tuanze na Jumamosi yenyewe. Ukiwa stooni uliwaona wote: uliona jeneza likitolewa nyumbani, ukamwona mchungaji, ukamwona mama yako ameketi karibu na mjane. Wao hawakukuona. Pembeni mwa skrini palikuwa na tarakimu inayopanda na kushuka, idadi ya wanaotazama, nawe ulikuwa ndani ya tarakimu hiyo. Huku kwetu magharibi, awe Mluhya, Mjaluo au Mkisii, kwenda matanga ni kwenda kuonekana. Sisemi hivyo kwa kejeli. Mjane anayeketi siku tatu akipokea mikono ya watu hahesabu viti. Anahesabu nyuso, na miaka kumi baadaye atakwambia nani alisimama wapi na nani alimletea uji usiku wa pili. Machozi yako ya stooni yalikuwa ya kweli, nayaamini, lakini hayakumfikia aliyeyahitaji.

Usije ukadhani basi kwamba kutokuwepo kumeletwa na simu. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900 na Kisumu mwaka uliofuata, na tangu hapo watu wa huku wamekuwa wakifiwa wakiwa mbali: kwenye mashamba ya walowezi huko Bonde la Ufa, kwenye karakana za reli, bandarini Mombasa. Vyama vya mijini, Luo Union na vile vya Waluhya, vilifanya mengi, na mojawapo ya kazi zao kubwa ilikuwa kuchanga ili mwili usafirishwe na wafiwa wapate nauli. Habari za kifo zilikuja kwa telegramu, au kwa redio katika yale matangazo ya vifo yaliyoifanya nyumba nzima inyamaze hadi jina la mwisho lisomwe.

Wengi walifika udongo umeshakauka. Mimi mwenyewe nilimkosa babu yangu hivyo, nikafika siku ya tano. Hakuna aliyeniita mtoto wa redio. Aliyechelewa alikuwa na namna yake ya kufika: alianza kulia akiwa bado barabarani, wanawake wakamsikia, wakatoka kumpokea langoni, na kwa nusu saa msiba ukaanza upya kwa ajili yake peke yake. Kisha akapelekwa kaburini. Kisha akakalishwa, akapewa chai, akasimuliwa: aliugua hivi, alisema hivi, alikata roho saa fulani. Kuchelewa kulikuwa na mlango wake.

Mlango huo ndio simu imeufunga bila mtu yeyote kukusudia. Ulituma 3,000, jina lako likaandikwa, ukatazama hadi shada la mwisho likawekwa, ukazima data. Moyoni ukasema nimemaliza. Mwezi umepita na hujaenda. Sijamwona mama yako, lakini nimewasikiliza akina mama wengi wa umri wake, na sidhani hasira yake ni ya Jumamosi ile. Kazi yako anaijua. Anangoja sauti yako itokee langoni, na kila Jumamosi inayopita bila sauti hiyo, majirani wanaiona pia.

Nikueleze jambo kuhusu hiyo orodha uliyoandikwa. Nina daftari la shule lililotumika kwenye matanga ya baba yangu mwaka 1994. Lilikaa kwenye meza ndogo chini ya mwembe, na mwalimu wa shule ya msingi ya jirani ndiye aliyekuwa akiandika kwa kalamu ya bluu. Zaidi ya nusu ya mistari yake haina shilingi hata moja. "Kuni, mzigo 1." "Mahindi, debe 2." "Sukari kilo 2, majani chai pakiti 3." "Kuku jike." "Turubai, ya kuazima." Kuna mstari unaosema "Maji, siku 3", na mbele yake jina la mama mmoja ambaye hakuwa na kitu isipokuwa mtungi na miguu yake.

Mama yangu alilitunza daftari hilo sandukuni. Kila kulipotokea msiba kijijini alilitoa, akatafuta jina, akasoma kwa kidole, akajua abebe nini. Aliyeleta kuni alirudishiwa kuni. Yule mama wa maji alipofiwa na mumewe mwaka 2001, mama yangu, ambaye wakati huo magoti yalikuwa yameanza kumsumbua, alikwenda akachota maji siku tatu. Tulimwambia atume mtu, tutamlipa. Alitutazama kama watu waliopotea njia.

Sasa fungua kundi lenu. Orodha ina namba, jina, kiasi, na alama ya tiki. Pa kuandika "Maji, siku 3" hapana. Na kwa kuwa kila anayechanga huinakili orodha nzima na kuibandika upya akiwa ameongeza jina lake, watu wote wanaisoma tena na tena mchana kutwa, na wa 10,000 anakaa juu ya wa 200 kuanzia asubuhi hadi usiku. Sisemi zamani hatukushindana. Nimehudhuria harambee ambapo mtangazaji alisoma mchango wa mtu kwa kipaza sauti, akaurudia, akamwomba asimame ageuke ili aonekane vizuri. Lakini kipaza sauti kilizimwa jioni, watu wakaenda kulala. Orodha ya simu hailali. Cha ajabu, pamoja na kusomwa hivyo, haidumu. Baada ya wiki mbili imezikwa chini ya picha za maua za "habari ya asubuhi", na mweka hazina akibadilisha simu imekwenda. Daftari la mwaka 1994 bado ninalo.

Kuna jambo linalonisumbua kuliko hilo la ushindani. Mama yako ana simu gani? Nitakisia: kabambe, ile ya mulika mwizi. Basi hayumo kwenye kundi. Pengine mjane naye hayumo. Waliomo ni ninyi wa Nakuru, wa Nairobi, wa Mombasa, na sitashangaa kukiwa na mmoja aliye Doha. Tarehe ya maziko, bajeti, idadi ya mahema, rangi ya fulana, vyote viliamuliwa humo usiku, kisha asubuhi mtoto akatumwa jikoni kuwaambia akina mama watapikia watu wangapi. Zamani kamati ya mazishi ilikaa uani. Aliyekuwa akichochea moto alisikia kila neno hata kama hakupewa kiti, na mara nyingi alitia neno lake, likafuatwa. Siku hizi uamuzi umehama ukafuata mtandao, huku kuni na maji vimebaki palepale kwa watu walewale. Binamu zako waliobaki nyumbani ndio waliochimba kaburi na kubeba viti. Wanapokuita mtoto wa bando hawaicheki simu yako. Wanakukumbusha nani aliamua na nani alibeba.

Usinielewe vibaya, sitaki turudi kwenye telegramu. M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007 ilitangazwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani, na historia yake inachekesha kidogo: majaribio ya awali yalilenga kuwasaidia watu kulipa mikopo midogo, lakini waliojaribishwa wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao, na kampuni ikawafuata walikoelekea. Kabla ya hapo pesa zilikwenda nyumbani kwenye bahasha iliyokabidhiwa dereva wa basi, na bahasha nyingine hazikuwahi kufika. Kila siku mwili unapokaa mochari bili inapanda. Pesa zinazokusanywa kwa saa chache zimeziokoa familia nyingi na aibu ya mwili kuzuiliwa. Mkono mtupu haulambwi, na mimi sitamdharau aliyetuma.

Ila pesa zikija haraka, matumizi nayo hunenepa haraka. Bajeti iliyokuwa ya jeneza, gari na chakula sasa ina fulana zenye picha, vijitabu vya rangi, wapiga picha wawili, na droni inayonguruma juu ya kichwa cha mchungaji wakati wa sala. (Droni huhitaji kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, sijawahi kukutana na kamati ya mazishi iliyokiulizia.)

Kamera hizo tulizizoea wakati wa korona. Juni 2021 serikali iliziwekea kaunti 13 za ukanda huu masharti makali, Kisumu, Vihiga, Kakamega na Siaya zikiwemo. Wafu wazikwe ndani ya saa 72, waombolezaji wasizidi 50. Miezi ile simu ilikuwa dirisha pekee, na nilishukuru kuwa nalo. Masharti yalipoondolewa kamera ilibaki, na lile dirisha la aliyezuiliwa likageuka kiti cha asiyekwenda.

Hata hivyo watu bado wanaijua tofauti. Oktoba 2025 Raila Odinga alipofariki India na kuletwa nyumbani, runinga na simu zilionyesha safari ile tangu mwanzo hadi mwisho. Mtu angeweza kuketi sebuleni na asikose kitu. Bado Jumamosi tarehe 18 uwanja wa Mamboleo hapa Kisumu ulifurika, na kesho yake umati ukaelekea Bondo, alikozikwa kwenye boma la baba yake, Kang'o ka Jaramogi. Mamboleo niliwaona vijana waliobanwa nyuma kabisa, wameinua simu, wanatazama kwenye skrini ndogo shughuli iliyokuwa ikiendelea mbele yao, maana vichwa vya watu vilikuwa vimewaziba. Picha waliyokuwa nayo ni ileile ambayo mtu wa sebuleni alikuwa nayo, tena yao ikikatika kila mara kwa mtandao kuelemewa. Hakuna aliyerudi nyumbani kwenda kutazama vizuri zaidi.

Sasa huo wasifu. Unasema hakuna aliyelalamika. Waliolalamika hawakuwa na kipaza sauti. Nimeshasikia wasifu nyingi za namna hiyo tangu programu hizi zianze kuenea mwishoni mwa mwaka 2022, na ndani ya zote marehemu ni "nguzo imara", ni "taa iliyoangaza njia yetu", na "tabasamu lake litabaki mioyoni mwetu". Mwaka huu nimezika watu wanne wenye tabasamu moja. Si uchawi: programu hupanga maneno kwa kufuata jinsi maneno yalivyozoea kufuatana katika maandishi mengi iliyolishwa. Ukiipa jina na tarehe mbili tu, itakurudishia mazoea. Ingepewa baiskeli ingeandika kuhusu baiskeli.

Na ni baiskeli gani hiyo! Fundi wa baiskeli Luanda, kwenye barabara kuu ya Kisumu kwenda Busia, na boda boda zenyewe zilianzia mpakani Busia zikiwa baiskeli, miaka ya 1960, kabla pikipiki hazijazifukuza barabarani. Baba yako mdogo aliyatengeneza magurudumu yaliyobeba nusu ya soko la Luanda. Kwenye swali lako umeandika mstari mmoja tu kumhusu, kwamba alikufundisha kuziba pancha ukiwa darasa la nne. Je, kuna mtu aliyeusikia siku ile? Ungemtumia binamu yako mstari huo kabla ya Ijumaa, ungekuwa umefanya kwa simu kitu ambacho hata waliokuwepo hawakukifanya.

Kuhusu mwajiri, hapo lawama haiendi kwa simu wala kwako. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mfanyakazi aliyetimiza miezi 12 kazini siku zisizopungua 21 za likizo yenye malipo kila mwaka, lakini haina kifungu kinachomlazimisha mwajiri kutoa likizo ya msiba. Siku moja uliyopewa ilikuwa hisani. Zile 21 ni haki yako. Omba tatu.

Nenda wiki hii au ijayo, usingoje Desemba. Usitume pesa kwanza kumlainisha mama. Pesa hufika kabla yako na husema kwa niaba yako vitu ambavyo hukuzituma ziseme. Mpigie jioni akishatoka shambani, mwambie tu: mama, nakuja. Usijieleze. Kisha beba kitu kwa mikono. Wewe uko Nakuru, mji wa viazi vya Molo na Bahati. Gunia la viazi juu ya matatu, pamoja na sukari na majani chai, ni mzigo ambao kijiji kizima kitauona ukishuka nao stendi. Anza kwa mjane kabla ya kwenda kwa mama yako. Mama hataudhika, ataambiwa kabla hujafika, na huko kuambiwa ni nusu ya dawa. Omba upelekwe kaburini. Simu iache nyumbani, au izime.

Halafu omba usimuliwe. Najua uliyaona yote. Omba hata hivyo. Kamera ilikuonyesha jeneza. Haikukuonyesha wiki mbili za mwisho za ugonjwa, wala alichosema usiku ule, wala nani aliyemshika mjane alipotaka kuanguka. Mama yako anayo hayo yote na hajapata wa kumpa. Binamu zako wakikutania, waulize kama kaburi limeshasakafiwa, na kama bado, ulizia koleo liko wapi. Fimbo ya mbali haiui nyoka, watakwambia, na wewe utakuwa umeshika koleo.

Ukirudi Nakuru, kuna marekebisho mawili ya kupeleka kwenye kundi. Mweka hazina anunue daftari, na kila msiba uandikwe humo, pesa na visivyo pesa, majina ya waliochota maji yakiwemo. Kisha ukurasa upigwe picha na kuwekwa kwenye kundi ili wa Doha naye ajue nani alibeba nini. Na kabla kamera haijawashwa, mjane aulizwe kama anataka, na ikae mbali na uso wake. Mwanamke aliyevunjika kwa kilio si maonyesho, na sheria inaanza kuelekea huko: Septemba 2023 ofisi ya kulinda data iliitoza klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto.

Nije kwenye simu ya marehemu. Mwambie huyo kijana wa kidato cha pili asiiguse namba ya siri, hata kama kilichomo ni nauli ya kwenda Kisumu. Sheria ya Urithi, kifungu cha 45, inakataza mtu kushika mali ya marehemu bila idhini ya kisheria, na adhabu yake ni faini isiyozidi 10,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Mjane achukue cheti cha kifo na vitambulisho vyote viwili, aende duka la kampuni ya simu, aulize hati gani za mirathi zinahitajika kwa kiasi kilichomo. Ni usumbufu, najua. Mpeleke wewe, hiyo ni kazi nzuri kwa mojawapo ya zile siku tatu.

Deni ni jambo la kuangaliwa zaidi. Katika jamii nyingi za Waluhya kuna siku baada ya maziko, siku ya kunyolewa nywele, ambapo wazee huuliza hadharani: nani anamdai marehemu, na marehemu alimdai nani? Watu husimama, husema, mashahidi husikia. Deni la simu halina mtu wa kusimama. Ikiwa alikuwa ametumia Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa wa kuziba pengo salio lisipotosha, ulioanza Januari 2019, basi kila shilingi itakayoingia kwenye laini ile inakatwa kwanza kulipa deni. Watangazieni kwenye kundi kwamba mtu asitume rambirambi kwa namba ya marehemu, maana hazitamfikia mjane. Na akipigiwa simu na mtu anayemtisha kwamba lazima alipe mkopo wa mumewe, ajue kwamba deni la marehemu hulipwa kutoka kwenye mali aliyoiacha. Yeye halipi kutoka mfukoni mwake kwa sababu tu aliolewa naye, isipokuwa kama alitia sahihi kuwa mdhamini. Amwelekeze huyo mpigaji kwenye ukoo, kwa maandishi.

Bado kitu kimoja kidogo, na nakuomba usikipuuze. Umesema simu imezimwa na iko sandukuni. WhatsApp hufuta akaunti isiyotumika kwa siku 120. Zikitimia, kundi la familia litaandika kwa zile herufi ndogo za kijivu kwamba namba ya baba mdogo imeondoka kwenye kundi, huenda katikati ya mchango wa mtu mwingine, watu wakitumiana tiki. Nimewahi kuwa karibu na binti aliyekutana na ujumbe huo akiwa kwenye foleni ya Kibuye sokoni. Ilibidi tumtafutie kiti. Kabla ya siku hiyo, zitafuteni zile jumbe zote za sauti alizowahi kutuma kwenye kundi, mzihifadhi kwenye simu zaidi ya moja. Na huyo kijana wa kidato cha pili, ambaye yumo kwenye kundi, mwambie mapema kitakachotokea. Usimwandikie. Mngoje atoke shule, mketi kwenye kile kibanda cha baiskeli kama bado kipo, umwambie hapo.